Maneno sita kwa wiki yanatosha: msamiati kwa watoto wa gredi za chini

Walimu wenzangu wa PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, mpaka gredi ya tatu, hii nawaandikia nyinyi, na zaidi mlioko huku kwetu Lamu manake tumezungukwa na maneno mazuri kila upande na hatuyaingizi darasani. Tatizo lenyewe mnalijua. Mtoto anasoma vizuri kabisa, silabi zote anazitamka, anamaliza ukurasa bila kukwama, halafu ukimuuliza hadithi inasema nini anakuangalia tu. Kiswahili kinatudanganya hapo, sababu herufi zetu zinatamkwa vile vile zilivyoandikwa, mtoto akishashika silabi anaweza kukusomea hata gazeti, na mwalimu anafurahi anasema huyu ashajua kusoma. Kumbe anatamka tu.

Watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza hili mwaka 1986 kwa njia nyepesi sana: kuelewa unachosoma ni kutamka maneno mara kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sufuri basi jawabu ni sufuri, hata chengine kiwe kizuri vipi. Kwa hiyo kama watoto wako washapita kwenye silabi, kazi kubwa iliyobaki ni maneno, na kazi hiyo haifanyiki kwa kuandika orodha ubaoni.

Kuchagua ndio nusu ya kazi

Kitabu cha darasa kila mada kina orodha yake ya msamiati, na mwalimu mwenye haraka anaiandika yote, watoto wanaitikia kwa pamoja, wananakili daftarini, Ijumaa imla, imekwisha. Jumatatu ukiuliza hakuna kitu. Usibebe yote. Mimi nasema maneno sita kwa wiki kwa gredi ya pili na ya tatu, manne kwa PP2 na gredi ya kwanza, lakini hayo sita yafanyiwe kazi kweli kweli mpaka mtoto ayatumie mwenyewe bila kuambiwa.

Sasa yapi? Kuna mgawanyo wa Isabel Beck na wenzake Margaret McKeown na Linda Kucan wa Marekani ambao unasaidia sana. Wao wanaweka maneno kwenye ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni maneno ambayo mtoto anayapata nyumbani bila kufunzwa na mtu: kula, mlango, samaki, lala. Hayo usiyapotezee wakati, isipokuwa una mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya kwao. Ngazi ya tatu ni maneno ya somo moja tu, kama ikweta au usanisinuru, hayo yangoje siku yake. Katikati hapo ndio penye hazina: maneno yanayotokea kwenye hadithi, kwenye hesabu, kwenye sayansi, kwenye dini, kwenye taarifa ya habari, lakini watoto wakicheza huwasikii wakiyatumia. Epuka, kusanya, linganisha, hatimaye, tahadhari, shuku, stahimili, dhaifu, mchoyo, ghafla, thabiti, badala ya. Mtoto akikosa haya kila somo linamshinda, na sisi tunasema hajui hesabu wakati hajui neno "linganisha".

Ukishika orodha ya kitabu, kila neno lipitishe hapa: je, atakutana nalo tena muhula huu kwenye somo lengine? Je, bila neno hili hadithi inakatika? Na je, tayari anayo fikra yake kichwani, anachokosa ni jina tu? Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mtoto wa mtaa wa Langoni, Lamu, anajua vizuri kabisa kuwa na tahadhari, kila siku anapisha punda aliyebeba mawe kwenye kichochoro, kwa hiyo neno lenyewe linaingia haraka, lina pa kukaa.

Namna ya kueleza neno

Kamusi ni ya mwalimu akiwa anaandaa somo. Ukimsomea mtoto wa miaka saba maana ya kamusi umempa neno asilolijua kwa kutumia lengine asilolijua. Yeye anahitaji maelezo ya mdomo, sentensi nzima, yanayoanza na "ni pale ambapo" au "ni mtu ambaye" au "ni kitu unachotumia". Kwa mfano: kustahimili ni pale ambapo jambo ni gumu au linakuumiza, na wewe hukimbii wala hukati tamaa, unaendelea mpaka lipite.

Halafu mifano miwili, na itoke sehemu mbili tofauti, manake ukitoa mmoja tu neno linanata pale pale. Sema nahodha alistahimili upepo mkali mpaka akafika Mokowe. Kisha sema mtoto anayejifunza kufunga Ramadhani anastahimili kiu mpaka adhuhuri. Sasa mtoto anaona ni kitu kimoja baharini na nyumbani.

Kwa mpangilio, mimi naona uende hivi: litamke neno wewe, walitamke wao, wapige makofi kwa silabi, sta-hi-mi-li, waone umeliandika, ueleze, utoe mifano, kisha mdomo uwe wao. Hapo pa mwisho ndipo walimu wengi wanapokatiza. Wape mwanzo wa sentensi, "Nilistahimili siku ile ambayo…", na kila mmoja amgeukie jirani yake wa benchi amalizie. Darasa la watoto hamsini ukichagua wa kunyoosha mkono watasema watano, na ni wale wale watano wa kila siku, lakini wakiongea wawili wawili ndani ya dakika moja wote hamsini wameshalitia neno mdomoni. Kelele itakuwepo, iache.

Vitendo usivieleze kwa maneno ukiweza kuvicheza. Nyata, chuchumaa, pepesuka, chechemea, jikongoja, haya mtoto asimame ayafanye. Chora mstari wa chaki sakafuni au tandaza kamba, mwisho mmoja weka kadi ya "nong'ona" na mwisho wa pili "piga ukelele", halafu wape kadi nyengine, "sema", "paza sauti", "guna", wajipange wenyewe kwenye kamba. Watabishana guna ikae wapi. Mabishano hayo ndiyo somo lenyewe, sababu mtoto anayebishana juu ya neno anachambua maana yake.

Somo la nazi

Hapa nitakaa kidogo manake ni somo ninalolipenda na linafanyika Lamu, Malindi, popote kwenye minazi. Ongea na mkwezi akuletee vinne: kitale, dafu, koroma na nazi. Vitandaze kwenye mkeka mbele ya darasa, usiseme kitu. Wataanza wenyewe kutaja, na utagundua haraka kwamba wengi wana majina mawili tu, dafu na nazi, na wachache wenye minazi nyumbani wana yote. Hao wachache wape nafasi wafunze wenzao, mara nyingi ni watoto ambao kwenye masomo mengine hawasikiki.

Kisha wapokezane, watikise. Dafu limejaa maji halisikiki, nazi iliyokomaa maji yanacheza ndani. Uliza kwa nini. Pasua dafu waguse nyama yake laini, vunja nazi waguse ile ngumu. Halafu endelea na kazi yote mpaka mwisho, kila hatua na neno lake: mkwezi anakwea na kuangua, nazi inafuliwa kwenye kifuo, yanabaki makumbi, inavunjwa, ganda lake ni kifuu, inakunwa kwa mbuzi, inakamuliwa, inachujwa kwa kifumbu, machicha upande huu na tui upande huu.

Sasa angalia, hayo maneno ya nazi siyo yale sita ya wiki. Hayo ni ya kushikia. Maneno ya wiki ni hatua, tofautisha, komaa, hatimaye, badala ya, sababu. Unamwambia mtoto atofautishe dafu na koroma, aeleze hatua za kupata tui, aanze na "kwanza" amalizie na "hatimaye", aseme mama yake akikosa nazi anatumia nini badala yake. Neno gumu lisiloshikika limepandishwa juu ya kitu anachokishika mkononi. Baadaye likija "komaa" kwenye hadithi ya matunda au "hatua" kwenye hesabu, analo.

Na kwa kuwa wameshikilia mbuzi ya kukunia, waulize mbuzi mwengine yuko wapi, watacheka na hapo hapo umeingia kwenye maneno yenye maana zaidi ya moja: kaa wa baharini, kaa la moto, kaa chini, paa la nyumba, paa mnyama, paa juu kama ndege. Wachore picha mbili kwa kila neno waziweke ukutani.

Mpango huu huu unaufanya na chombo kinachoundwa. Walio karibu na Matondoni wana bahati, mafundi wapo, peleka watoto waone mkuku, mataruma, mlingoti, foromali, wamwone fundi anavyotia kalafati. Sharti moja tu, mtoto ndiye aulize, wewe nyamaza. Mwandae na maswali matatu kabla hamjatoka.

Familia za maneno

Kiswahili kina jambo ambalo hakuna mwalimu anayefaa kuliacha. Neno moja linazaa. Ukimpa mtoto mzizi mmoja na ukamwonyesha unavyozaa umempa maneno kumi kwa bei ya moja, na la muhimu zaidi umempa ufunguo wa maneno ambayo hujamfunza.

Anza na pika. Liandike katikati ya karatasi ya manila, au kwa kaa ukutani nje kama hedi ticha anakubali, kisha watoto walete jamaa zake: mpishi, mapishi, upishi, pikia, pikwa, pikisha, pikika. Wataona wenyewe kwamba ile "k" imegeuka "sh" kwenye mpishi, wala huna haja ya kuwaeleza kanuni yoyote. Wiki nyengine soma: msomi, msomaji, somo, masomo, someka, somesha, usomaji. Nyengine lima: mkulima, kilimo, limia, limwa. Sema: msemaji, msemo, usemi, semekana.

Halafu wape mchezo. Kadi za mwanzo, m-, ki-, u-, ma-, na kadi za mwisho, -ji, -sha, -wa, -na, wajaribu kuunda. Wataunda mengine yasiyokuwepo, na hapo usikimbilie kusema hapana, uliza darasa: "Hili mshalisikia popote?" Mtoto anayekwambia mvua ni mtu anayevua samaki amefikiri vizuri sana, ameona m- ya mtu na akaona vua. Msifu kwanza kwa kufikiri, kisha mwambie huyo tunamwita mvuvi na kazi yake ni uvuvi, na hii mvua inayonyesha ni jamaa wa watu wengine kabisa. Kosa kama hilo linaonyesha mtoto ameanza kuyachungulia maneno ndani.

Kwa gredi ya kwanza usiende mbali, mtu na kazi yake inatosha: cheza mchezaji, imba mwimbaji, safiri msafiri.

Mtoto anayesema "yeo"

Hili linaniuma kidogo, kwa hiyo nitalisema wazi. Mtoto wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu anakuja skuli anasema yeo, yana, ndia, tini, yuu, mtanga. Mwalimu, pengine ametoka bara, anamwambia hicho si Kiswahili. Mtoto anafunga mdomo, na mtoto aliyefunga mdomo hajifunzi msamiati wowote. Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ni Kiswahili, tena Kiswahili kilichoandikiwa tendi kubwa zamani sana kabla ya hicho tunachokiita sanifu. Sanifu yenyewe ni uamuzi wa watu: kwenye mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kiwe msingi, na kamati ya kukisanifisha ikaundwa 1930. Ni uamuzi wenye faida, vitabu na mitihani vinafuata hapo na lazima mtoto akijue, lakini haukufanya lugha ya nyanya yake kuwa makosa.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka manila mbili ukutani zikiwa jirani, moja "tunavyosema nyumbani", ya pili "tunavyoandika skuli". Mtoto akileta neno la nyumbani liandikwe upande wake, mwenzie alitafute la upande wa pili. Yeo na leo, ndia na njia, tini na chini. Baada ya mifano michache wenye masikio mazuri watakwambia wenyewe kwamba "t" yetu mara nyingi kule inakuwa "ch", mtanga na mchanga, na mtoto wa miaka minane anayegundua hivyo amefanya kazi ya mwanaisimu.

Na si Kiamu tu. Madarasani kwetu wapo Wabajuni, Waboni, Waorma, Wagiriama, wapo wanaotoka upande wa Mpeketoni wanaosema Kikikuyu nyumbani. Sera ya Kenya tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976 inaruhusu, na kwa kweli inataka, lugha ya eneo itumike kufundishia mpaka darasa la tatu. Kwa hiyo ukimruhusu mtoto amweleze mwenzake neno kwa Kiorma kwa nusu dakika kisha warudi kwenye Kiswahili hujavunja kanuni yoyote. Umeokoa muda.

Vyumba vinne

Hii ni ya gredi ya tatu, na ya pili mwishoni mwa mwaka. Ilitoka Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1969, kazi ya Dorothy Frayer na wenzake. Unachora mraba unaugawa vyumba vinne, neno katikati. Chumba cha kwanza maana, cha pili sifa zake, cha tatu mifano, cha nne vitu vinavyofanana nacho lakini si chenyewe. Hicho cha nne ndicho kinachofanya kazi kubwa, sababu mtoto hajui mpaka wa neno mpaka aone kinachobaki nje.

Jaribu na "chombo". Kwa mtoto wa hapa chombo ni jahazi, moja kwa moja, na kitabu kinamwambia vyombo vya jikoni, akakwama. Wakajaza: chombo ni kitu cha kubebea au cha kufanyia kazi, mifano sufuria, dau, ndoo, mashua. Uliza sasa, "chombo cha usafiri je, punda ni chombo cha usafiri?" Kaa uone. Kundi moja litasema ndio, anabeba watu na mizigo, kwetu sisi ndiye gari. Kundi la pili litasema hapana, chombo kinaundwa na fundi na punda amezaliwa. Mwengine atauliza, na boti likiharibika si linalala tu, punda akiugua anapelekwa kwa daktari wa mifugo. Usiwape jawabu mapema. Mwisho utawaambia tunasema punda ni mnyama wa kubeba mizigo, na chombo ni kitu kilichotengenezwa, lakini wakati huo washalitumia neno "chombo" mara nyingi kuliko ungeweza kuwaandikisha daftarini kwa wiki nzima. Kama hakuna manila chora mchangani nje, inatosha.

Kusoma kwa sauti na hadithi

Vitabu vya kusoma vya watoto wadogo vimeandikwa kwa maneno mepesi ili waweze kuvisoma, ni sawa, lakini maana yake maneno magumu hawatayapata humo. Watayapata kwenye kitabu unachowasomea wewe, kilicho juu ya kiwango chao. Kila siku dakika kumi. Kabla ya kuanza taja maneno mawili matatu yatakayotokea, ukifika hapo simama kidogo tu, eleza kwa sentensi moja, endelea. Usisimame kila mstari, utaua hadithi. Mwisho yarudieni yale maneno. Na kitabu hicho hicho kisome tena kesho kutwa, na wiki ijayo, watoto hawachoki kama sisi, mara ya kwanza wanafuata kisa, mara ya tatu ndio wanasikia maneno.

Maswali yako yawe ya kumfanya aongee. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake Marekani walionyesha kwamba watoto wadogo wanaosomewa na wazazi waliofunzwa kuuliza maswali ya wazi na kuyapanua majibu ya mtoto, wanakua kilugha kuliko wanaosomewa tu huku wamekaa kimya. Mtoto akisema "sungura kakimbia", wewe ongeza: "Ndio, sungura alitoroka kwa sababu alimshuku fisi." Hujamkosoa, umempa sentensi nono zaidi ya ile yake, mwambie airudie.

Hakuna kitabu? Paukwa, pakawa. Hadithi ya mdomo inabeba maneno vizuri sana ukiyapanga kabla. Na vitendawili usiviache, "nyumba yangu haina mlango" na vyengine vya kale ni vya kuanzia, halafu watoto watunge vyao juu ya maneno ya wiki. Kutunga kitendawili cha "kivuli" au "mwangwi" kunamlazimisha mtoto afikirie sifa za kitu bila kukitaja.

Pakacha la maneno

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau haraka sana mwanzoni, na kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurudia kwingi kwa siku moja. Basi maneno ya wiki yaliyopita yasifungiwe daftarini.

Tundika pakacha dogo karibu na mlango. Kila neno mlilolifunza lina kadi yake humo, mnaweza kukata maboksi ya biskuti dukani, hayana gharama. Kabla ya kutoka mapumziko watoto watatu wanachota kadi, kila mmoja ama alieleze, ama alicheze, ama alitungie sentensi. Dakika tatu imekwisha. Kadi za mwezi uliopita ziwemo, zichanganye. Neno lililojibiwa vizuri siku nyingi litoe ulipumzishe, ulirudishe baada ya muda.

Ukuta wa maneno nao uwe wa kufanyia kazi. Chati zilizopambwa zikakaa juu kabisa watoto hawazifikii hazina faida kubwa. Weka kadi usawa wa macho yao, wazing'oe wakati wa kuandika insha, warudishe.

Kujua kama neno limeingia

Imla inakwambia mtoto anajua kuandika neno, haikwambii kama analielewa. Uliza maswali ambayo hawezi kuyajibu bila kulielewa. Nani anahitaji tahadhari zaidi, anayevuka bahari kwenda Manda upepo wa kusi unavuma au aliyelala kitandani? Mchoyo atakugawia mahamri yake? Kitu dhaifu na kitu thabiti, nguzo ya nyumba iwe ipi? Dole gumba juu au chini, wote kwa pamoja, kisha mmoja aseme kwa nini.

Kipimo kikubwa zaidi kiko nje ya kipindi. Kuwa na daftari dogo, ukimsikia mtoto uwanjani anamwambia mwenziwe "usinishuku mimi", tia alama kwenye jina lake. Neno hilo ni lake sasa.

Nyumbani na madrasa

Tumia grupu ya WhatsApp ya wazazi lakini usiandike, tuma sauti, si kila mzazi anasoma vizuri na wengine simu wanaishika usiku wakishachoka. Sema maneno sita ya wiki na sentensi moja moja. Kazi ya nyumbani nzuri kuliko kunakili ni ya kuuliza: muulize nyanya maneno matatu ya jikoni ambayo wewe huyajui, muulize baba au ami yako upepo una majina gani. Watarudi na kusi, kaskazi, matlai, umande, na mzazi ambaye hakusoma kabisa siku hiyo ndiye mwalimu.

Madrasa tusiisahau. Subira, amana, dhuluma, nia, ihsani, shukrani, mtoto ashayasikia haya kwa ustadhi kabla hujayafikia. Ongea na ustadhi, mjue anasomesha nini mwezi huu. Neno linalosikika sehemu mbili kwa wiki moja linakaa haraka.

Wale wanaonyamaza

Kila darasa linao, na mara nyingi ndio wanaohitaji zaidi. Mtafiti Mary Budd Rowe aliona miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali wanangoja kama sekunde moja tu kabla ya kutaja mtu mwengine au kujibu wenyewe, na wakijizuia mpaka sekunde tatu majibu ya watoto yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanajitokeza. Sekunde tatu ni ndefu ukiwa mbele ya darasa, utazisikia. Uliza, hesabu kimoyomoyo, ndio utaje jina. Mtoto wa kimya mpe kwanza kazi isiyotaka sauti, achague kadi, aonyeshe picha, alicheze neno, kisha aseme kwa jirani yake tu, darasa zima lije baadaye, hata kama ni muhula wa pili. Akitoa neno moja lipokee, litie kwenye sentensi nzima, na mwambie amwambie jirani yake sentensi hiyo.